Bibi Harusi wa Jasper

Harusi ya Celestine ilikuwa imevunjika mara mbili, na mara zote mbili hakuwa na kosa lolote.

Mara ya kwanza baba yake alifariki wiki ile ile ya harusi, na hema lililokodishwa kwa ajili ya sherehe likatumika kwa mazishi. Mara ya pili mvua ya mawe ilitoboa paa la kanisa Keumbu kama karatasi. Kiogoro kwao watu wakaanza kunong'ona. Msichana mzuri, kazi nzuri, anapima macho kwenye duka la miwani mjini Kisii, lakini ana mkosi.

Eric, bwana harusi wa mara zote mbili, hakusikiliza mkosi. Eric wa Itumbe, mwenye duka la vifaa vya umeme Nyamira mjini, alisema atamngoja hata mara ya saba. Desemba akaleta ng'ombe. Baba mdogo Alfayo akawapokea kwa niaba ya marehemu kaka yake, wazee wakala, wakanywa, wakakubaliana. Harusi ikapangwa Jumapili. Zikawa zimebaki siku chache tu.

Ndipo Sheryl akasema, "Kabla hujaingia kwa nyumba ya watu, lazima tukutoe kidogo."

Sheryl ni wa Homa Bay, anafanya kazi pamoja na Celestine, na ana gari dogo jekundu ambalo huliendesha kama ambulensi. Akapanga wikendi ya Kisumu, wiki moja kabla ya harusi: Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi, wasichana peke yao, hakuna mambo ya kamati. Wa tatu akawa Linet, dada yake Eric, ambaye ameolewa Keroka. Celestine mwenyewe ndiye aliyemwalika. Alitaka wifi yake awe rafiki kabla hajawa wifi.

Jumamosi asubuhi walienda kanisani, kwa sababu Celestine na Linet ni Wasabato. Sheryl, ambaye si Msabato, aliwangoja nje akilalamika njaa. Mchana wakaketi mahali pa samaki, wakaletewa ngege mzima kwa ugali na mboga za kienyeji, wakacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

"Tuombee chakula," Sheryl alisema. "Linet, wewe ndiye mama wa kanisa."

Linet akafumba macho.

"Baba, tunakushukuru kwa safari njema. Tunakushukuru kwa chakula hiki na mikono iliyokitengeneza. Zaidi tunakushukuru kwa ajili ya dada yetu Celestine, ambaye umemchagua mwenyewe awe mke wa Jasper. Mfungulie tumbo, Bwana, nyumba isiyokuwa na moto iwake tena. Amina."

"Amina," Sheryl aliitikia na kunyoosha mkono kwenye samaki. Kisha mkono ukasimama. "Jasper ni nani?"

Celestine alimjua Jasper. Kila aliyefika kwa kina Eric alimjua. Alikuwa kaka mkubwa, akapigwa na radi uwanjani Itumbe akiwa kijana, kabla hajaoa. Kaburi lake liko karibu na ua, na picha yake imetundikwa sebuleni juu ya picha ya mtu mwingine yeyote. Mama yao mpaka leo anaitwa Mama Jasper.

"Ulitaka kusema Eric," Celestine alisema.

"Eric ndiye mtakaa naye," Linet alijibu, akichambua miiba. "Lakini si ng'ombe walitolewa kwa jina la Jasper?"

"Walitolewa kwa jina la nani?"

Linet akainua uso. Alipoona uso wa Celestine, akaweka samaki chini polepole.

"Celestine. Usiniambie hujui."

"Niambie kitu ambacho sijui."

"Jasper alikufa kama hajaoa. Mama hataki nyumba yake ife. Kwa hivyo wewe unaolewa kwa nyumba ya Jasper. Watoto wataitwa wa Jasper, shamba ni lile la Jasper. Eric atakusaidia tu."

"Atanisaidia kufanya nini?"

Linet akainamia sahani yake. Sheryl alikohoa, na wala hakuwa na mwiba kooni.

"Na Eric?" Sheryl aliuliza. "Mke wake mwenyewe atakuwa nani?"

"Hiyo ni shauri yake. Siku akipata ng'ombe wake, ataoa wa jina lake."

"Yawa!" Sheryl alishangaa kwa Kijaluo, akasukuma sahani kando.

Linet alikuwa ameanza kulia. "Eric alituambia amekueleza. Aliapa mbele ya mama kwamba umekubali. Mimi nilikusifu! Nilimwambia mume wangu, huyu msichana ana roho kubwa, wasichana wa siku hizi hawawezi kitu kama hicho."

Celestine alinawa mikono ingawa hakuwa amegusa chakula. Akatoa simu, akapiga, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Bibi harusi!" sauti ya Eric ilikuwa na furaha. "Mnajienjoy?"

"Eric, ng'ombe walitolewa kwa jina la nani?"

Sauti ya Eric ikashuka.

"Nani amekuambia?" Eric aliuliza.

Celestine alifunga macho. Mpaka dakika hiyo alikuwa bado anatumaini kwamba Linet amechanganya mambo. Mtu asiyejua kitu huuliza, "Unasema nini?" Hasemi, "Nani amekuambia?"

"Hiyo ni maneno ya wazee," Eric aliendelea haraka. "Kanisani cheti kitaandikwa Eric. Picha ni Eric. Pete ni Eric. Ni mambo ya kumfurahisha mama tu. Wewe unajali ng'ombe?"

"Ulinipa nafasi ya kujali?"

"Jasper amekufa, Celestine! Unaonea wivu maiti?"

"Simwonei wivu. Nakuuliza, nyumbani kwenu mimi ni mke wa nani?"

"Tutaongea kesho ukirudi."

"Narudi leo."

Akakata. Samaki alibaki mezani, akiwatazama kwa jicho lake moja.

Barabarani hakuna aliyefungua redio. Linet alikaa nyuma akijipangusa kwa leso, akisema sentensi ile ile kila baada ya muda, "Mimi nilidhani unajua." Walipita Oyugis. Walipofika karibu na Kisii, Celestine akasema jambo lililokuwa likimsumbua tangu mezani.

"Sheryl, kama Eric alitoa ng'ombe kwa jina la Jasper, kuna mtu upande wetu aliyewapokea kwa jina hilo."

Sheryl alimtazama upande mmoja. "Mungu wangu. Uncle yako."

Baba mdogo Alfayo walimkuta Kiogoro, kwenye kiti cha marehemu, akisikiliza redio. Kiti hicho alianza kukikalia wiki moja baada ya mazishi, na hakuna aliyemwambia atoke. Nyamoita, mama yake Celestine, alikuwa jikoni. Jua lilikuwa linashuka.

"Mbona mmerudi?" Alfayo aliuliza. "Kisumu imeisha?"

"Baba mdogo, ulipokea ng'ombe kwa jina la Jasper?"

Alfayo alizima redio. Hakukana. Hilo ndilo lililomuumiza Celestine zaidi baadaye alipokumbuka, kwamba mzee hata hakujisumbua kukana.

"Kaa chini."

"Nitasimama."

"Sikiliza, mtoto wa kaka yangu. Harusi imeharibika mara mbili. Watu wanasema maneno. Nani mwingine angekuja hapa na ng'ombe? Wale watu wa Itumbe walikuja na sharti moja, nikaona ni sharti dogo. Utakuwa na nyumba, utakuwa na shamba la chai, utakuwa na Eric. Jina ni upepo."

"Kama ni upepo, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia. Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Harusi ni Jumapili ijayo!"

"Usinipigie kelele. Baba yako angekuwa hai, angefanya vile vile."

"Alfayo."

Sauti ilitoka mlangoni. Nyamoita alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Ni mwanamke asiyesema sana. Mume wake alipokufa alilia siku moja, kisha akarudi shambani, na wengi walidhani hana uchungu.

"Usimtaje mume wangu," alisema.

"Shemeji, haya ni mambo ya wanaume. Wewe hukuwa kwa mazungumzo."

"Sikuwa. Nilikuwa jikoni nawapikia ugali wa wimbi. Nilichinja kuku wangu. Mlikuwa mnakula jasho langu huku mkimwoza mtoto wangu kwa kaburi."

Alfayo aliinuka kwenye kiti. Akachukua kofia yake, akasema atarudi watu wakiwa wametulia, akaondoka.

Nyamoita alirudi jikoni. Aliwaandalia chakula, akawatandikia, hata Linet, ambaye alijaribu kuomba msamaha na kuambiwa, "Kula kwanza." Celestine alilala akidhani mama yake amemaliza.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya boriti zikitolewa kwenye zizi.

Alitoka mbio na kumkuta Nyamoita amevaa gambuti na koti la marehemu mumewe, fimbo mkononi. Ng'ombe wa mahari walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wakiongozwa na yule mweupe mwenye kamba shingoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawarudisha kwao. Vaa viatu vya kutembea."

"Mpaka Itumbe? Mama, mwanamke harudishi ng'ombe. Watu watasema nini?"

"Wamesema tangu baba yako afe. Leo nitawapa kitu cha kusema."

Hivyo ndivyo Celestine, ambaye Jumapili hiyo alipaswa kuwa Kisumu akipigwa picha kando ya ziwa na kucha zake mpya, alivyojikuta kwenye barabara ya kwenda Keumbu akiswaga ng'ombe. Sheryl alifuata nyuma polepole na gari jekundu, taa za hatari zikiwaka, Linet kando yake na simu sikioni.

"Mnapeleka soko?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka shambani.

"Hapana," Nyamoita alijibu. "Wanaenda kwao."

Yule mwanamke aliacha jembe. Habari ilikimbia mbele yao kuliko miguu ya ng'ombe. Walipofika Keumbu, wauza ndizi walikuwa wamesimama, na bodaboda wamezima pikipiki zao. Katikati ya barabara, pikapu ya Eric ilikuwa imekingama.

Eric alishuka. Hakuwa amenyoa, na shati lake lilifungwa vifungo visivyolingana. Celestine alimwona, na moyo wake ukafanya kile unachofanya siku zote akimwona. Alijichukia kwa hilo.

"Mama Celestine," Eric alisema, akiinamisha kichwa. "Tafadhali. Rudisha ng'ombe. Hii ni aibu."

"Aibu ya nani?" Nyamoita aliuliza.

Mlango wa pili wa pikapu ukafunguka, akashuka Mama Jasper. Ni mwembamba, amejifunga leso mbili, na magonjwa ya mwaka jana yamemwachia mkongojo. Celestine alitarajia matusi. Badala yake mama huyo alimsalimia Nyamoita kwa mkono, kama watu waliokutana kanisani.

"Dada yangu, Linet amenieleza kwa simu," alisema. "Sikukuibia mtoto. Nilimwambia Eric amuulize Celestine. Nilimtuma Alfayo akuulize wewe. Wote wawili walinirudishia jibu moja, kwamba wenyewe wamekubali kwa moyo. Nilipiga magoti nikamshukuru Nyasae, Mungu wetu, kwa watu kama ninyi."

"Mimi sikuulizwa," Nyamoita alisema.

"Nimejua leo."

"Basi umejua. Chukua ng'ombe."

Mama Jasper alitazama wanyama wale.

"Ukiwarudisha hawa," alisema, "unamzika mwanangu mara ya pili."

"Na nikiwaacha," Nyamoita alijibu, "namzika wangu akiwa hai."

Wauza ndizi walitazamana. Celestine hakuwahi kumsikia mama yake akisema sentensi kama hiyo. Alitaka kumshika mkono, lakini mikono ya mama yake yote miwili ilikuwa kwenye fimbo.

Pikipiki moja ikafika ikinguruma. Baba mdogo Alfayo akashuka kabla haijasimama vizuri.

"Ng'ombe hawa nimepokea mimi!" alipaza sauti. "Hakuna mwanamke atakayewarudisha!"

"Mzee," muuza ndizi mmoja aliuliza, "ulipokea kwa jina la nani?"

Watu wakacheka. Alfayo akatafuta aliyesema, asimwone, akabaki amesimama katikati ya kicheko.

Celestine akapita mbele ya ng'ombe mpaka akawa uso kwa uso na Eric. Alinusa sabuni yake. Alikumbuka jinsi alivyokaa naye siku za matanga ya baba yake, akipika chai kwa sufuria kubwa bila kuombwa na mtu.

"Jana uliniambia tutaongea leo," alisema. "Leo ndiyo hii. Mimi ni mke wa nani?"

"Celestine, mbele ya watu?"

"Nilikuuliza kwa simu, ukakataa kujibu. Sasa jibu hapa."

Eric alimtazama mama yake. Mama Jasper alikuwa anatazama chini. Alitazama watu, akatazama pikapu, kana kwamba ingeweza kumsaidia. Kisha akavuta pumzi.

"Wangu," alisema.

"Wauza ndizi hawajasikia."

"Wangu!" Eric alipiga kelele, na sauti ikapasuka. "Celestine ni wangu. Kwa jina langu. Eric! Ng'ombe hawa nimetoa mimi, kwa jina langu, na watoto watakuwa wangu. Mmesikia?"

Keumbu ilisikia. Watu walipiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, na Sheryl akapiga honi ya gari mpaka ng'ombe wakashtuka. Hata Linet alikuwa anacheka huku analia. Celestine alidhani mambo yameisha.

Mama Jasper aliinua mkongojo, na kelele zikapungua.

"Ng'ombe gani, Eric?"

"Mama..."

"Nakuuliza, ng'ombe gani? Hawa walitoka wapi?"

Eric alimgeukia Linet. Linet ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Walitoka kwangu. Ni mahari yangu."

"Na Linet alifuatana na nani kuzaliwa?" Mama Jasper aliwauliza watu, ingawa wazee waliokuwa pale walikuwa wameanza kutikisa vichwa kukubali. "Na Jasper. Ng'ombe wa dada wanamwoza kaka aliyefuatana naye. Kwa hivyo hawa walikuwa wa Jasper tangu siku Linet alipoolewa, na yeye yuko chini ya udongo. Sikuwapa jina la Jasper kwa wazimu wa uzee. Ni wake. Eric aliniomba. Alisema, 'Mama, sina ng'ombe, na nampenda huyu msichana, nipe hawa.' Nikamwambia, watoke, lakini watoke na jina la mwenyewe."

Celestine aligeuka polepole.

"Wewe ndiye uliyeomba?"

"Ningefanya nini?" Eric alisema. "Ulikuwa umengoja sana. Harusi mbili. Niliogopa utachoka. Niliogopa atakuja mwingine mwenye ng'ombe."

"Ungeniambia nikungoje."

"Ungengoja?"

"Hutajua sasa."

Alfayo alipata tena sauti yake. "Basi imekwisha! Kama ng'ombe ni wa maiti, na kijana hana wake, hakuna harusi Jumapili ijayo. Msichana haendi Itumbe bila ng'ombe. Mimi kama baba yake..."

"Wewe si baba yake," Nyamoita alisema bila kumtazama.

Hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo. Wazee walikuwa wananong'onezana. Eric alikuwa ameweka mikono kichwani. Ng'ombe mweupe alianza kula maganda ya ndizi kando ya barabara, akiwa peke yake asiye na wasiwasi.

Celestine alimwendea. Akaishika ile kamba ya shingoni, akamvuta ng'ombe kupita mbele ya Eric, mbele ya Alfayo, mpaka miguuni pa Mama Jasper. Akapiga goti moja kwenye lami na kumkabidhi kamba kwa mikono miwili.

"Mama, huyu ni wa Jasper, na wenzake wote. Jasper hakunikosea chochote, nami sitaki kula mali yake. Mpe heshima yake. Mtafutie mwanamke atakayeulizwa."

Mama Jasper alipokea. Vidole vyake vilishika kamba na vidole vya Celestine pamoja, na havikuachia mara moja.

"Ungekuwa mkwe mwema," alisema kwa sauti ya kusikika na mmoja tu.

Kisha akamwinua, akampangusa vumbi gotini kwa ncha ya leso, na akamuuliza jambo ambalo Kiogoro, Itumbe na kamati zote tatu za harusi hazikuwahi kumuuliza.

"Sasa, mwanangu. Wewe mwenyewe, bila ng'ombe, bila wazee, unataka kuolewa na nani?"

Watu walisogea karibu. Sheryl alishuka kwenye gari na kuacha mlango wazi. Nyamoita aliegemea fimbo yake, akamtazama binti yake, wala hakumsaidia hata kwa jicho.

Celestine alimgeukia Eric.

Eric alikuwa ameanza kutabasamu. Celestine hakutabasamu. "Na mtu atakayeniuliza mimi kwanza," alisema. "Huyu hakuniuliza."